Taa ya mfumo wa moshi ikiwaka kwenye lori la dizeli: namna ya kutafuta chanzo na kudhibiti gharama

Fedha nyingi zinazoteketea kwenye mfumo wa kusafisha moshi wa lori la dizeli huteketea pale kifaa cha bei kubwa kinapobadilishwa kabla ya mtu yeyote kuthibitisha kwamba kimeharibika. Filta ya masizi hufungwa mpya, lori likarudi barabarani, na baada ya muda mfupi taa ileile ikawaka tena, kwa kuwa nozeli inayovujisha dizeli au tabochaja (kifaa kinachosukuma hewa ndani ya injini) inayopitisha oili, ambayo ndiyo iliyoiziba filta ya kwanza, haikuguswa. Hatua zifuatazo zimepangwa ili mwenye lori, dereva au msimamizi wa magari ahakikishe kwamba kila malipo yametanguliwa na kipimo.

Hatua ya 1: Fahamu vifaa vilivyomo kwenye lori lako

Malori mazito yaliyoundwa kwa kiwango cha moshi cha Marekani cha mwaka 2010, au kwa kile cha Ulaya kiitwacho Euro VI kilichoanza kutumika mwaka 2013, kwa kawaida huwa na vifaa vinavyofanya kazi kwa kufuatana. Valvu ya EGR hurudisha ndani ya injini sehemu ya moshi uliokwisha kupozwa, ili joto la mwako lishuke na gesi za oksidi za nitrojeni, zinazoandikwa NOx, zipungue. Baadhi ya injini za Euro VI hazina kifaa hiki kabisa. Moshi unaotoka hupita kwanza kwenye katalisti yenye platinamu na paladi, ambayo huunguza kaboni monoksidi na mabaki ya mafuta, kisha huingia kwenye filta ya masizi iitwayo DPF, na mwisho hufika kwenye katalisti ya SCR. Huko myeyusho wa urea uliopulizwa kwenye moshi wa moto hugeuka kuwa amonia, na amonia hiyo huigeuza NOx kuwa nitrojeni na mvuke wa maji.

Mpangilio huo si wa malori yote. Malori ya Marekani ya kati ya mwaka 2007 na 2009 mara nyingi yana filta ya masizi lakini hayana urea, ilhali malori mengi ya Euro V, kiwango kilichotangulia Euro VI, yana urea lakini hayana filta. Soma kibandiko cha injini na kitabu cha gari kabla ya kumsikiliza mtu anayekwambia kwamba DPF yako imeziba, kwani inawezekana huna DPF.

Hatua ya 2: Chukua uamuzi sahihi taa inapowaka safarini

Taa ya filta ya masizi, ambayo kwenye dashibodi nyingi ni mchoro wa kisanduku chenye nukta ndani yake, inapowaka bila kumeta huwa inaeleza kwamba masizi yameongezeka na filta inahitaji kujichoma, yaani kuunguza masizi yaliyomo ndani yake. Mara nyingi inatosha kuliendesha lori likiwa na mzigo, kwa mwendo usiokatizwa, mpaka taa izime. Ikianza kumeta, maana yake ni kwamba mwendo pekee hautoshi tena na unatakiwa kuegesha na kuanzisha uchomaji kwa swichi. Taa ya kumeta ikiandamana na taa ya injini, tarajia nguvu kupunguzwa; na taa nyekundu ya kusimama ikiwaka, egesha mahali salama na uzime injini.

Uchomaji wa kuegesha hupandisha joto ndani ya filta hadi nyuzi 600 za Selsiasi au zaidi, kwa hiyo hautakiwi kufanywa juu ya majani makavu, karibu na mafuta, ndani ya jengo, wala mahali ambapo watu wanapita karibu na bomba la moshi. Usiukatize ukishaanza. Ukikataa kuanza, angalia kwanza kama swichi ya kuzuia uchomaji imeachwa ikiwa imebonyezwa, kama breki ya kuegesha imevutwa, kama gia iko huru na kama injini imepata joto. Ni jambo la kuudhi kulipia gari la kuvuta kwa ajili ya swichi iliyoguswa kwa bahati mbaya.

Onyo la urea halistahili kuahirishwa. Katika malori ya Euro VI kompyuta hupunguza nguvu ya injini ya kuvuta kwa asilimia 25, na onyo likiendelea kupuuzwa huufunga mwendo kwenye kilomita 20 kwa saa. Malori mengi ya Marekani yaliundwa kufikia hata maili 5 kwa saa, yaani takriban kilomita 8. Lori lenye shehena likifikia hapo halina faida kwa yeyote, na gharama ya kulivuta inaweza kuzidi ya kifaa kilicholeta tatizo.

Hatua ya 3: Andika namba za hitilafu kabla ya kuzifuta

Fundi anayefuta namba zote zilizohifadhiwa kwenye kompyuta ya injini kwanza ili aone zipi zitarudi anafuta ushahidi. Omba zinakiliwe zote, zilizo hai na zilizolala, pamoja na idadi ya mara ambazo kila moja imejitokeza na hali ya injini wakati huo. Kwenye malori mazito namba hizo huja kwa jozi: SPN hutaja kifaa au kipimo kinachohusika, na FMI hutaja aina ya kasoro. SPN 3251, kwa mfano, inahusu tofauti ya mgandamizo kati ya mbele na nyuma ya filta ya masizi, 3216 inahusu NOx kabla ya SCR, 3226 inahusu NOx baada ya SCR, na 4364 inahusu uwezo wa SCR kusafisha.

Sehemu ya FMI ndiyo inayookoa fedha, lakini ndiyo inayosahaulika. FMI 3, 4 au 5 inazungumzia umeme: waya uliogusa mahali, volti iliyopotea, soketi iliyoachia. FMI 0, 16 au 18 inazungumzia kipimo chenyewe kuwa juu au chini kuliko inavyotakiwa, na hapo waya huenda hauna kosa lolote. Kwa hiyo 4364 yenye FMI 18 inasema tu kwamba NOx haipungui kama ilivyotarajiwa, bila kusema kwamba katalisti imekufa. Chanzo kinaweza kuwa urea mbovu, nozeli ya urea iliyoziba, moshi unaovuja au sensa inayodanganya.

Zikija namba nyingi kwa pamoja, anza na zile za umeme. Sensa tatu haziwi na desturi ya kufa siku moja, na zikionekana kufa pamoja, tafuta fyuzi, waya wa ardhi au kifundo cha nyaya zinachotumia kwa pamoja.

Hatua ya 4: Fanya ukaguzi wa macho usiohitaji kununua kitu

Injini ikiwa imepoa, fuata mfumo wote kuanzia tabochaja hadi mwisho wa bomba. Alama nyeusi kwenye viungo vya bomba huonyesha moshi unavuja, na uvujaji kabla ya filta hupoteza joto linalohitajika kuchoma masizi. Chembe nyeupe kwenye mirija au soketi za urea huonyesha urea inavuja. Myeyusho huo hutambaa ndani ya nyaya na kuzila taratibu, hivyo fungua soketi iliyo karibu uangalie kama pini zina ukijani. Kagua mirija midogo miwili ya sensa ya mgandamizo wa filta, kwa sababu ikipasuka, ikiziba au ikiunganishwa kinyume, kompyuta husoma uongo na kuhukumu filta isiyo na hatia.

Halafu pitisha kidole au kitambaa ndani ya mwisho wa bomba la moshi. Kwenye lori lenye filta nzima, ndani ya bomba huwa safi au huwa na vumbi hafifu la kijivu. Masizi meusi mazito humaanisha filta imepasuka au kuyeyuka ndani, na filta ya namna hiyo haisafishwi, hubadilishwa. Hakikisha tu kwamba masizi hayo si ya zamani, kabla ya filta iliyopo kufungwa.

Hatua ya 5: Pima urea kabla ya kulaumu pampu

Urea ya magari, inayouzwa mara nyingi kwa jina AdBlue, ina urea asilimia 32.5 ndani ya maji yaliyoondolewa madini, kwa mujibu wa kiwango cha ISO 22241. Kipimo kidogo cha mkononi kinachosoma mkengeuko wa mwanga huonyesha kiwango cha urea kwenye myeyusho kwa matone machache tu, na usomaji ulio kati ya asilimia 31.8 na 33.2 unakubalika. Ukiwa chini, kuna aliyeongeza maji. Ukiwa juu, huenda maji yamekauka. Kipimo hicho hakionyeshi uchafu wa dizeli, kwa hiyo chota kiasi kwenye chombo cha kioo uangalie kama kuna utando wa mafuta juu yake.

Urea huharibika kwa joto. Ikihifadhiwa kwenye nyuzi 30 hutarajiwa kudumu takriban mwaka mmoja, na kwenye nyuzi 35 takriban miezi sita. Dumu lililoachwa juani nyuma ya kabati la dereva halistahili kuaminiwa. Kwenye baridi huganda inapofika nyuzi 11 chini ya sifuri, lakini kuganda hakuiharibu, na malori huwa na njia ya kuiyeyusha. Urea ya mbolea iliyokorogwa na maji ya bomba haifai kabisa, maana madini yaliyomo hubaki ndani ya katalisti na hayatoki tena.

Ikiwa mtu amemimina dizeli kwenye tangi la urea, usiwashe hata swichi, kwa sababu pampu inaweza kuivuta dizeli hiyo hadi kwenye mirija na mpira wa ndani ukavimba. Kumwaga tangi na kulisafisha mapema ni gharama ndogo. Kubadilisha pampu, mirija na nozeli baada ya safari fupi ni gharama ya aina nyingine.

Hatua ya 6: Tenganisha masizi na majivu kwenye filta

Hapa ndipo maamuzi mengi mabaya hufanyika. Masizi ni kaboni, na yanaweza kuunguzwa ndani ya lori. Majivu ni mabaki ya madini yaliyomo kwenye oili ya injini, kama vile kalisi na zinki, na hayaungui kwa joto lolote ambalo lori linaweza kuzalisha. Kulazimisha uchomaji mara kwa mara kwenye filta iliyojaa majivu ni kuchoma dizeli bure na kuichosha filta yenyewe.

Namna ya kutofautisha ni kusoma tofauti ya mgandamizo mara tu baada ya uchomaji uliokamilika vizuri. Ikiwa bado iko juu na mirija ya sensa ni mizima, majivu ndiyo yanayoshukiwa, na filta inapaswa kutolewa ikasafishwe kwa tanuri na hewa ya mashine maalumu. Ikiwa imeshuka vizuri lakini inapanda tena baada ya safari chache, filta haina kosa: injini inatengeneza masizi kuliko kawaida. Tafuta nozeli ya dizeli inayovuja, bomba la hewa lililopasuka kati ya tabochaja na kipozea hewa, filta ya hewa iliyoziba, valvu ya EGR iliyokwama wazi, au lori linaloachwa likiunguruma kwa saa nyingi bila kutembea. Katalisti ya mbele nayo ikizibwa usoni na masizi, joto la uchomaji halifiki kwenye filta, na mgandamizo unaosomwa nyuma yake hauwezi kuonyesha hilo moja kwa moja.

Usikubali filta ioshwe kwa mashine ya maji yenye kasi. Sega la ndani ni la kauri, na maji ya kasi hulipasua au hung'oa tabaka la madini ya thamani. Kituo cha kusafisha kinachojua kazi yake kitakupa karatasi yenye uzito wa filta na kipimo cha upitaji wa hewa kabla na baada ya kusafishwa. Pasipo karatasi hiyo, umelipia maneno. Oili nayo ina sehemu yake: kwa injini zenye filta hutakiwa oili yenye majivu machache, kama ya daraja API CK-4 au ACEA E6 kadiri kitabu cha injini kinavyotaja, na dizeli yenye salfa ndogo sana, ambayo Ulaya hairuhusiwi kuzidi sehemu 10 kwa milioni na Marekani sehemu 15.

Hatua ya 7: Thibitisha sensa za NOx na upulizaji wa urea

Sensa ya NOx ni mojawapo ya vifaa vinavyobadilishwa kwa kubahatisha, na huuzwa pamoja na kisanduku chake cha umeme, jambo linaloifanya bei yake iumize. Haitoi usomaji wa maana mpaka moshi uwe moto na mkavu, kwa hiyo kuihukumu kwa injini iliyowashwa sasa hivi ni makosa. Jaribio linalofaa ni kuzuia upulizaji wa urea kwa kompyuta ya fundi, kuliendesha lori mpaka amonia iliyohifadhiwa ndani ya SCR iishe, kisha kulinganisha sensa ya mbele na ya nyuma. Bila urea, zote mbili zinapaswa kusoma karibu sawa. Zikitofautiana sana, mojawapo inadanganya. Zikilingana, tatizo liko kwenye urea, nozeli au katalisti.

Kinachofuata ni kupima kiasi kinachopulizwa. Nozeli ya urea hufunguliwa, huelekezwa kwenye chombo chenye vipimo, na kompyuta huamuru ipulize kwa muda uliowekwa. Kiasi kilichopatikana hulinganishwa na cha mtengenezaji. Nozeli yenye ganda jeupe mara nyingi hurudi kazini baada ya kulowekwa kwenye maji safi ya moto yaliyoondolewa madini. Ganda hilo hujengeka zaidi kwenye malori yanayofanya safari fupi au kusubiri kwa muda mrefu, ambapo moshi hauwi na joto la kutosha kuivunja urea. Filta ndogo ya pampu ya urea isisahauliwe. Ni ya bei nafuu na ina muda wake wa kubadilishwa.

Hatua ya 8: Angalia kipozea cha EGR

Maji ya rejeta yakipungua bila kuonekana yanapovujia, shuku kipozea cha EGR, ambacho hupoza moshi unaorudi kwa kutumia maji hayo, kabla ya kushuku gasketi ya kichwa cha injini. Kipimwe kwa mgandamizo wa hewa kikiwa kimetolewa au kimetenganishwa. Usiendelee na safari kwa kuongeza maji kila kituo, kwa kuwa maji hayo yenye dawa hupita kwenye moshi na kuharibu sensa na katalisti ambazo zilikuwa nzima.

Hatua ya 9: Jadili gharama kwa maandishi

Kwanza uliza kuhusu dhamana. Vifaa vya mfumo wa moshi mara nyingi huwa na dhamana ndefu kuliko ya gari lenyewe, na wakati mwingine kosa hutatuliwa kwa kusasisha programu ya kompyuta ya injini bila kununua kitu. Peleka namba ya chasisi na usomaji wa kilomita, na uhifadhi kumbukumbu za oili na urea, kwani dhamana hukataliwa kwa kukosa kumbukumbu.

Pili, lipia upimaji kama kazi inayojitegemea. Gereji inayopima bure ina haja ya kuuza kifaa ili ijilipe, ilhali gereji uliyoilipa kwa muda wake ina wajibu wa kukueleza ilichopima, kwa namba gani, na namba hizo zinapaswa kuwa ngapi. Makadirio yanayosema tu kwamba mfumo wa moshi ni mbovu yarudishe. Yanapaswa kutenganisha vifaa, saa za kazi, usafishaji na vitu vidogo kama gasketi na mikanda ya bomba, na yaeleze gereji itafanya nini iwapo taa itarudi.

Tatu, fahamu thamani ya unachokiacha. Katalisti na filta ya zamani ina madini ya thamani ndani yake, na wauzaji wengi wa vifaa hurejesha kiasi fulani cha fedha unapoikabidhi ikiwa nzima. Anayekwambia kwamba atakusaidia kuitupa hakusaidii bure. Kuhusu vifaa visivyo vya mtengenezaji, mikanda ya bomba na mirija ya daraja zuri haina shida, lakini kwa sensa za NOx tahadhari inafaa, maana sensa isiyoelewana na kompyuta ya lori italeta namba mpya na safari ya pili ya gereji.

Gharama ya lori kusimama iingizwe kwenye hesabu pia. Ikiwa filta iliyokwisha kusafishwa inaweza kubadilishanwa na yako siku hiyohiyo, bei yake ya juu inaweza kuwa nafuu kuliko kusubiri yako isafishwe.

Hatua ya 10: Kataa pendekezo la kuuondoa mfumo

Atatokea wa kukushauri utoboe filta na kuidanganya kompyuta. Katika Marekani hilo ni kosa chini ya Sheria ya Hewa Safi, na katika nchi za Umoja wa Ulaya lori la namna hiyo halistahili kupita ukaguzi. Mbali na faini, dhamana hupotea, lori hushuka thamani kwa mnunuzi anayejua, na kurudisha vifaa vyote baadaye hugharimu kuliko matengenezo yaliyokwepwa. Nozeli ya dizeli iliyokuwa ikivuja nayo inaendelea kuvuja, sasa bila kifaa cha kuonyesha kwamba inavuja.

Hatua ya 11: Kabla ya kulichukua lori gereji

Baada ya kubadilisha au kusafisha filta, hesabu ya majivu kwenye kompyuta lazima irudishwe sifuri, la sivyo lori litaendelea kuamini kwamba filta ni ileile iliyojaa. Baada ya kazi ya SCR, fundi anapaswa kuendesha jaribio la uwezo wa kusafisha NOx mpaka lifaulu, kwa sababu kuzima taa pekee hakuondoi kizuizi cha mwendo ikiwa kompyuta haijaridhika. Omba nakala ya matokeo hayo pamoja na tofauti ya mgandamizo wa filta baada ya uchomaji wa mwisho, uandike namba hiyo na kilomita za siku hiyo kwenye daftari la gari. Kisha, katika safari za mwanzo, mwagize dereva aandike kila mara uchomaji unapoanza na kiasi cha urea kinachoongezwa. Matumizi ya urea kwa kawaida ni asilimia chache tu ya matumizi ya dizeli, na yakishuka ghafla karibu na sifuri, rudi kwenye Hatua ya 7 kabla taa haijawaka.